Kiti cha Mzee Darwesh

Kigoma,
6 Februari 1955

Kwa Mjomba Damas,
Mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji, Tabora

Dai langu ni hili, na ninaliweka mbele ya salamu ili lisije likapotea katikati ya habari za mvua na mbuzi: mtu asiyejua kusoma hana haki ya kukaa katika baraza la wasomaji. Awe na nyumba, awe na heshima mjini, awe na ndevu nyeupe mpaka kifuani, kiti hicho si chake. Niko tayari kulitetea dai hili mbele ya yeyote, na natumaini utalifikisha kwa wajumbe wenzako kabla ya mkutano wa Aprili.

Sasa shikamoo, Mjomba. Mimi ni mzima. Shule imefunguliwa, nina wanafunzi thelathini na wanane, na baadhi yao wana ndevu kunishinda. Joto la ziwani si kama la kwetu. Shati linalowa kabla sijamaliza kulivaa. Karanga alizonipa Mama pale stesheni ya Kigwa zimefika, ila abiria mwenzangu alizionja kuanzia Malagarasi bila kuombwa. Nisalimie Mama Flavia na Flavia mwenyewe.

Nirudi kwenye shauri. Uliponiomba wakati wa Krismasi niwaandikie katiba ya Chama, nilikaa siku mbili nikaandika vifungu kumi na viwili. Kifungu cha tatu kinasema: "Mjumbe wa baraza sharti ajue kusoma na kuandika kwa herufi zinazofundishwa shuleni." Wote watano mlipiga makofi, hata Mzee Darwesh bin Ghalibu. Lakini nilipompa karatasi aipitie, aliiweka chini ya kikombe chake cha kahawa akaniambia, "Nisomee wewe, mwanangu, sauti yako nzuri." Mwishoni akatia sahihi kwa ile mikwaruzo inayotoka kulia kwenda kushoto, wanayofundishwa watoto katika chuo cha Kurani ili wakariri juzuu. Kukariri si kusoma, Mjomba. Nimesoma historia miaka minne, na najua kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa pale wamisionari walipokiwekea herufi. Kabla ya hapo kilikuwa sauti tu.

Najua utaniambia kwamba chumba chetu cha kusomea ni sehemu ya nyumba yake, pale karibu na soko, naye hajatudai chochote. Tumshukuru kama mwenye nyumba. Tusimfanye hakimu wa vitabu. Utaniambia pia kwamba nimekasirika kwa sababu yeye ndiye aliyezuia insha yangu juu ya Njia ya Misafara isichapwe katika kijitabu cha Chama. Sikukasirika. Nauliza tu: asiyeweza kuisoma insha aliwezaje kuikataa? Aliisikia ikisomwa, kurasa kumi na tisa, akasema maneno mawili: "Kigwa umeikosea." Mimi niliandika kwamba Kigwa ni kijiji kilichozaliwa na reli, kwa kuwa ramani ya Wadachi niliyoiona Kampala haina Kigwa kabla ya reli. Ramani ilisema hivi, mzee mwenye kahawa akasema vile, na baraza zima likamfuata mwenye kahawa!

Mimi mpwa wako katika ukweli,
Hilari


Tabora,
27 Machi 1955

Mpwa wangu Hilari,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imeingia nyumbani kwangu ikikimbilia nyuma ya dai lako, kama abiria aliyesahau mzigo. Nilimsomea Mama Flavia barua yako, akauliza, "Huyu anagombana na nani, mbona hajapiga hata hodi?" Nikamwambia ndivyo wanavyofundishwa Makerere. Akasema basi na wafundishwe tena.

Sikuchelewa kujibu kwa kupenda. Maji yalichukua tuta la reli upande wenu, treni ikasimama siku kumi na moja, na barua yako ilipofika ilikuwa imelowa hata jina langu likawa kama la mtu mwingine. Mvua hapa ni nzuri. Mama yako Marcelina anasumbuliwa na mguu, lakini hakubali kuacha jembe. Nilipokwenda Kigwa nilimkuta shambani ananielekeza kwa mkono niende kumsubiri nyumbani. Flavia amepata mchumba kutoka Isikizya, kijana wa Kimoraviani, anafuga nyuki, ana mizinga zaidi ya mia porini. Mama Flavia anauliza kuhusu dini yake, mimi nauliza kuhusu asali. Tutaona.

Kuhusu Chama. Wafadhili wa vitabu walioko Dar es Salaam wameniandikia, nami nimekunakilia barua yao humu. Watatupa makasha sita ya vitabu pamoja na rafu zake, iwapo baraza letu ni la watu wanaojua kusoma na kuandika. Ninavyoona, wewe na wao mmetumia kalamu moja.

Kuhusu Mzee Darwesh sina la kusema. Ni mtu ninayemfahamu siku nyingi. Kifungu ni chako, uliandika wewe. Ukitaka kitumike, andika barua ya kusomwa mkutanoni, itiwe jina lako chini, nami nitaisoma bila kupunguza neno. Ila mimi, kwa nafasi yangu, siwezi kulianza shauri hilo.

Vaa soksi, usinywe maji ya ziwa bila kuchemsha.

Mjomba wako,
Damas


Kigoma,
9 Aprili 1955

Mjomba Damas,

Shikamoo, na Pasaka njema kwenu wote. Unaona kwamba safari hii nimepiga hodi. Mwambie Mama Flavia. Pole kwa Mama, na ikiwa hataki kuacha jembe mwibie. Kwa mchumba wa Flavia sina pingamizi. Asali haina dhehebu.

Umeandika kwamba huna la kusema. Mwenyekiti asiye na la kusema anawaachia wengine waseme. Mimi ninalo, na barua ya kusomwa mkutanoni nimeiambatisha. Utaona nimeandika kwa adabu, lakini sikulainisha: "Baraza la wasomaji lisilosoma ni pambo la sebuleni. Tukitaka watu wa Ulaya wasituite watoto, tuanze kwa kuondoa mapambo." Isome yote.

Mimi siku za Jumamosi nakwenda Ujiji kwa miguu kuwatafuta wapagazi wa zamani. Nataka nithibitishe insha yangu kwa vinywa vya watu waliobeba mizigo wenyewe, ili mwakani asitokee mtu wa kuniambia kwamba kitu fulani nimekikosea.

Mpwa wako,
Hilari


Tabora,
15 Mei 1955

Mpwa wangu Hilari,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama yako mguu umepoa kidogo, mavuno ya karanga yanaendelea. Mchumba wa Flavia alikuja na ndoo mbili za asali, na tangu siku hiyo Mama Flavia hajauliza tena habari za dini.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, tarehe 30. Tulikuwa wote watano: mimi, Mwalimu Eustace wa Kimoraviani, mwakilishi wa Mtemi, Bi. Zamda mkunga, na Mzee Darwesh. Watazamaji walikuwa kama arobaini, wengine wamesimama dirishani. Niliisoma barua yako yote, pamoja na neno "pambo", ambalo ningekuwa wewe nisingeliandika. Mzee Darwesh aliisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Nani kaiandika? Hilari wa Marcelina? Maneno yake yamepangwa vizuri. Mungu amzidishie." Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mwalimu Eustace akasema, ili haki itendeke, kila mjumbe asome aya moja ya gazeti kwa sauti. Nikasoma mimi, akasoma yeye, akasoma mwakilishi wa Mtemi kwa kusitasita kwa kuwa miwani aliisahau, akasoma Bi. Zamda upesi kama anayemfukuza mwizi. Gazeti likafika kwa Mzee Darwesh. Alilishika muda, lakini macho yake hayakuwa kwenye gazeti. Alinitazama mimi. Kisha akasema, "Hizi sizijui," akalikunja vizuri akalirudisha mezani.

Bi. Zamda akaruka. "Jamani, mnampima mtu ndani ya nyumba yake! Kahawa yake mnakunywa, mkeka wake mmeukalia!" Akaongeza na jambo jingine lililokuwa nje ya ajenda, nikagonga meza akanyamaza. Tukapiga kura, tatu kwa moja. Mzee Darwesh akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akasema, "Ufunguo wa chumba uko mahali pake. Kaeni kwa amani." Akapita uani kwake. Baada ya dakika chache kahawa ikaletwa kama kawaida, vikombe vitano.

Kwa hiyo umeshinda. Wafadhili nimewaandikia kwamba baraza sasa ni safi. Sina zaidi.

Mjomba wako,
Damas


Kigoma,
24 Julai 1955

Mjomba Damas,

Shikamoo. Nawasalimu wote, na naomba radhi kwa ukimya wa miezi miwili. Barua yako ilifika mapema. Niliibandika ukutani juu ya kitanda changu, mahali pa "umeshinda" nikapapiga mstari. Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa nafurahi. Tangu Jumamosi tatu zilizopita sikukujibu kwa kuwa nilikuwa sijui nianzie wapi.

Nimemwona Mzee Mabruki. Unamfahamu, ingawa hujawahi kumtaja mbele yangu. Ni Mnyamwezi wa kwetu, alihamia Ujiji kabla ya vita vya Wadachi, ana miaka zaidi ya sabini, na alibeba mizigo chini ya Babu Mihayo, baba yako, Babu alipokuwa kirangozi anayetangulia mbele ya msafara na kuchagua pa kulala. Nilipojitambulisha alinizunguka mara mbili kama anayenunua mbuzi.

"Wewe mjukuu wa Mihayo? Mbona mwembamba? Babu yako alibeba pembe begani na ngoma mkononi. Wewe unabeba nini?"

"Kalamu, Mzee."

"Na jasho lote hilo?"

Bintiye Nunu, mama wa makamo anayewafundisha wasichana Kurani barazani pale, alicheka mpaka wanafunzi wake wakasahau somo. Kisha mzee akaniambia, "Babu yako aliniletea barua. Ninayo." Nilidhani ananitania. Babu hakujua kusoma, ulinieleza mwenyewe, na alifariki bila kugusa shule. Mzee akatoa kopo la chai, na ndani ya kopo karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa ya rangi ya tumbaku. Nikaipokea. Nikaikunjua, nikaikazia macho, nikakunja uso kama tunavyofanya maktabani.

"Mwalimu," Nunu akasema kwa upole, "umeishika miguu juu."

Mjomba, nilicheka nao, lakini masikio yaliniwaka. Akaichukua, akaigeuza, akaisoma pale pale bila kusita, kama mtu anayesoma jina la duka. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno hayakuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili, cha Babu, chenye pumzi yake. Niliinakili akiirudia, nami nakuandikia sehemu yake:

"Kwa ndugu yangu Mabruki. Baada ya salamu, tumerejea kutoka pwani wazima, ila Songoro tumemwacha Tura kwa homa. Kutoka Tura tukalala Rubuga. Kutoka Rubuga tukalala Kigwa siku mbili, maana maji yake mazuri na watu wamechoka miguu, na siku ya tatu tukaingia Tabora kwa ngoma. Na mimi nasema kwa kinywa, anayeandika ni Darwesh bin Ghalibu kwa mkono wake. Na mwanangu anakaa mkekani kwake kila asubuhi, amekwisha kuzijua herufi zote na barua anasoma. Jina lako hapo chini ameliandika yeye, ili ujue kwamba sikudanganyi. Rajabu, mwaka 1321."

Kwa hesabu yetu huo ni mwaka 1903. Reli ilikuwa haijafika hata Morogoro. Kigwa, alikozaliwa mama yangu, ilikuwa kambi ya msafara, na babu yangu alilala hapo siku mbili, na mimi nilikuwa nimeifuta kwa ramani. Mzee Darwesh alijua kwa kuwa aliandika.

Chini ya barua kuna jina la Mabruki kwa herufi kubwa zinazopanda mlima. Babu Mihayo alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume. Mwaka ule wewe ulikuwa na miaka minane.

Kwa hiyo ulijua. Nilipoandika kwamba Kiswahili kilikuwa sauti tu mpaka wamisionari walipokuja, ulijua kwamba naandika upuuzi, ukanijibu habari za soksi. Uliponiambia nitie jina langu chini, ulijua. Gazeti lilipofika mikononi mwake, akakutazama wewe badala ya kulitazama, ulijua alikuwa anasubiri neno moja tu kutoka kwako, nawe ukapiga kura. Nami sijisamehi. Nilikuwa mjinga mwenye shahada, nao ni ujinga mbaya kwa kuwa una cheti. Lakini wangu ulikuwa ujinga. Wako tuuiteje?

Naomba kifungu cha tatu kifutwe na Mzee Darwesh arudishiwe kiti chake. Nasubiri.

Hilari


Tabora,
18 Septemba 1955

Mpwa wangu,

Salamu. Harusi ya Flavia imepangwa Jumatatu, tarehe 21 Novemba. Mchumba amekubali ifungwe kwa padri, na ngoma ichezwe kwao Isikizya. Mama yako ameanza kutembea bila fimbo. Anakuulizia. Uje.

Makasha sita yamefika. Rafu zimejaa kutoka sakafuni mpaka usawa wa kichwa changu. Vijana wa mitaa ya Ipuli na Kitete wanajaa humo kila alasiri, wengine wanasoma wamesimama. Kabla hujaniita jina, ungeyaona hayo.

Karatasi ya miaka hamsini umeigeuza kuwa mashtaka. Nitakujibu mara moja, kisha tusirudi tena hapo. Nilipopelekwa kwa mapadri sikuulizwa kama najua kusoma. Niliwekwa benchi moja na wenzangu, nikaanza A pamoja nao kama mtu asiyejua kitu. Anayejua tayari kwamba sauti inaweza kufungwa ndani ya alama, alama mpya hazimsumbui. Baada ya wiki tatu nilikuwa nasoma. Padri akawaita wenziwe waje wanione. Wakasema mtoto huyu ana kipaji, hawajaona mwingine. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa ukarani wa reli, na ukarani wa reli ndio uliokupeleka Makerere. Sasa wewe ungetaka niwaambie nini, na lini?

Na Mzee Darwesh mwenyewe hajasema neno. Tunakutana sokoni, ananiuliza hali, namjibu. Kama yeye amenyamaza, wewe unamsemea nani?

Jambo la mwisho, ndilo nililokusudia. Kiti kilicho wazi baraza limekupa wewe. Mwalimu Eustace alipendekeza, mimi na mwakilishi wa Mtemi tukaunga mkono, Bi. Zamda akakataa kupiga kura. Utakuwa mjumbe wa kwanza mwenye shahada katika jimbo zima. Mkutano mkuu wa wanachama ni Jumamosi, tarehe 19 Novemba, siku mbili kabla ya harusi. Njoo uketi, na haya mengine tuyaache palepale yalipo.

Mjomba wako aliyekulea,
Damas


Kigoma,
16 Oktoba 1955

Kwa Mjomba Damas, Mwenyekiti, na kwa wanachama wote wa Chama cha Wasomaji, Tabora

Shikamoo, Mjomba, na salamu kwa Mama Flavia na bibi harusi. Nimepata likizo, nitapanda treni ya tarehe 17 Novemba, niwe Tabora tarehe 18. Nimemnunulia Flavia kitenge cha Kongo. Mwambie mchumba wake nitakula asali yake bila aibu.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Nakala ya pili nampelekea Bi. Zamda aibandike kwenye mlango wa chumba cha kusomea, naye amekwisha kuniandikia kwamba gundi anayo. Ameniandikia pia lile jambo "lililokuwa nje ya ajenda" ulilolizima kwa kugonga meza. Alisema, "Muulizeni basi na zile anazozijua!" Mjomba, hilo ndilo lililokuwa ajenda peke yake siku ile.

Kiti sikitaki. Sikikatai kwa unyenyekevu, maana sina unyenyekevu mwingi na wewe unalijua hilo. Nakikataa kwa sababu kina mwenyewe. Umeniuliza namsemea nani. Simsemei Mzee Darwesh. Hahitaji msemaji, na wala hajaniomba. Najisemea mimi, niliyeandika kifungu cha tatu. Nimeisoma tena ile barua ya wafadhili uliyoninakilia. Wao waliandika "kusoma na kuandika" wakaishia hapo. Maneno "kwa herufi zinazofundishwa shuleni" ni yangu peke yangu. Niliyaongeza ili yapendeze. Nimekwisha kuwaandikia wafadhili na kuwaeleza hivyo, na kwamba mjumbe aliyeondolewa anasoma na kuandika Kiswahili tangu kabla baadhi yao hawajazaliwa. Wakivitaka vitabu vyao, wavichukue. Mimi sidhani watavitaka. Lakini hata wakivitaka, nasema wazi mbele ya kila mwanachama: afadhali rafu tupu kuliko baraza lililofukuza msomaji wake wa kwanza ili lionekane linasoma.

Tangu Agosti ninafundishwa herufi hizo na Nunu. Nakaa mkekani na wasichana wa miaka tisa, ndio wanaonisahihisha, na hawana huruma. Baada ya wiki saba nilimwandikia Mzee Darwesh kwa mkono wangu. Nilimwomba radhi kwa ukurasa mzima. Alinirudishia ukurasa uleule. Amesahihisha makosa yangu kwa wino mwekundu, ishirini na sita, na pembeni ameandika: "Nukta za herufi ya shini ni tatu, wewe unaweka mbili. Na kisima cha Kigwa kilikuwa upande wa mashariki ya njia, usije ukakosea tena." Hakuna neno la msamaha wala la lawama. Sijui kama amenisamehe. Sitamuuliza, kwa kuwa najua kukosea kwangu hakukuwa siri na kutengeneza kwangu hakuwezi kuwa siri.

Ndipo ninapotofautiana nawe, Mjomba, na nitatofautiana nawe hata kama harusini utanikalisha na watoto. Umenieleza mambo ya benchi la mapadri kwa barua, chini ya muhuri, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Nimeyasoma mara nyingi, na sikukuchukia. Mtoto wa miaka minane au tisa aliyesifiwa na wageni, akaogopa kusema kwamba kuna aliyemtangulia kumfundisha, simlaumu mtoto huyo. Namlaumu mwenyekiti wa miaka sitini. Mtoto alinyamaza ili asipoteze sifa. Mwenyekiti alinyamaza na mwalimu wake akavaa viatu mlangoni. Ukasema wewe ndiye uliyenilea. Ni kweli, na sidhani nitamaliza kukushukuru. Lakini shukrani zangu haziwezi kulipwa kwa kiti cha mtu mwingine. Na kama ukarani wako ndio ulionipeleka Makerere, basi mkeka wa Mzee Darwesh ndio ulionipeleka Makerere, nami nilirudi kutoka huko nikamwita pambo.

Tarehe 19 nitakuja mkutanoni na ile barua ya Babu. Mzee Mabruki ameniazima kwa sharti kwamba nikiipoteza nisirudi Ujiji. Nitasimama niisome mbele ya watu, kwa herufi zake, na nikikwama wacheke. Nimemwomba Bi. Zamda amwalike Mzee Darwesh aketi mbele. Amesema atakuja, kwa kuwa mkutano uko nyumbani kwake na hawezi kuukimbia.

Nikimaliza kusoma sitatoa hoja wala sitaomba kura. Nitakaa chini, na mkutano utakuuliza swali moja. Usinijibu kwa posta, Mjomba, wala usinivute pembeni nyuma ya jiko siku ya harusi ukaninong'oneza. Simama penye kiti chako cha mwenyekiti, mbele ya Mwalimu Eustace na mwakilishi wa Mtemi, mbele ya vijana wa Ipuli na wa Kitete wanaosoma wamesimama, mbele ya mzee mwenyewe, utujibu kwa sauti inayofika dirishani: ni nani aliyekufundisha kusoma?

Mimi mpwa wako,
Hilari